Dakika Tano za Radi

Miaka ishirini na miwili nimepiga picha za mpira, na kwa muda wote huo sikuwahi kumpenda mchezaji hata mmoja. Mchezaji kwangu alikuwa mwanga, kivuli na jasho. Ukishapata picha unafungasha vyombo vyako, unakwenda zako. Na katika wote hao, niliyempenda kidogo kabisa ni Radi.

Jina hilo alipewa na mashabiki kwa ajili ya kasi yake: ukisikia kishindo, yeye ameshapita. Alikuwa straika namba moja wa nchi nzima. Sura yake ilibandikwa kwenye kuta za maduka ya simu, kwenye mabasi, hadi kwenye chupa za maji. Lakini kwetu sisi watu wa vyombo vya habari alikuwa jiwe. Mechi ikiisha alipita katikati yetu na vipokea sauti masikioni, macho mbele, kama mtu anayepita katikati ya nguzo za umeme. Dada mmoja wa redio, mrefu, mcheshi, alizoea kutuambia, "Huyu siku akinisalimia nitazimia. Mkae tayari kunidaka."

Siku ya nusu fainali nilifika uwanjani nimechelewa. Goti langu la kulia ni bovu siku nyingi, na ngazi za kushuka kutoka chumba cha waandishi hadi kwenye nyasi ni arobaini na mbili. Nazijua kwa maumivu. Nilipofika nyuma ya goli, wenzangu walikuwa wamejazana upande wa kulia, maana Radi alipenda kuingilia huko. Nikabaki na upande wa kushoto peke yangu, nimekaa kwenye kigoda changu cha kukunja nyuma ya bango la tangazo la rangi za nyumba, jua linanichoma kisogo.

Kipindi cha pili goli lile lilikuwa linalindwa na Babu. Babu hakuwa mzee hivyo; alikuwa na miaka thelathini na tisa. Ila kwenye mpira, ukifika umri huo na bado unavaa glovu, vijana wanakuita babu na wewe unaitika. Timu yake ilikuwa ndogo, haikuwahi kufika nusu fainali tangu iundwe, na yeye alikwisha tangaza kwamba msimu ukiisha anatundika daluga. Siku ile alidaka kama mtu anayelinda watoto wake ndani ya nyumba. Mpira wa juu, wake. Mpira wa chini, wake. Radi alipiga shuti moja nikasikia upepo wake usoni, na bado Babu akautoa kwa ncha za vidole.

Dakika ya themanini na tano ikapigwa krosi. Mabeki wawili wakaruka, Radi akaruka katikati yao, na mpira ukaingia wavuni. Kamera za televisheni zilikuwa juu ya jukwaa kuu. Zilichoona ni mgongo wake na vichwa vitatu vilivyosongamana. Wenzangu wa upande wa kulia walizibwa na beki. Refa naye alizibwa. Na kwenye mashindano yetu hakuna marudio ya video. Akishapuliza refa, kimeisha.

Babu hakuangalia hata mpira ulikokwenda. Alikimbia moja kwa moja kwa refa akipiga kofi mkono wake mwenyewe, chini ya kiganja. "Mkono! Refa, mkono! Naapa, ni mkono!" Refa akatikisa kichwa na kugeuka. Hapo Babu akafanya kosa: akamshika refa mkono wa jezi na kumvuta amgeukie. Kadi nyekundu ikatoka. Uwanja mzima ukamcheka. Alitoka analia, watu wanamrushia chupa tupu, na kwenye redio ya jirani yangu nikamsikia mtangazaji akisema kipa mzee anatafuta mahali pa kuficha aibu yake.

Nikainamisha kichwa kwenye kioo kidogo cha kamera, nikakikinga na jua kwa kofia yangu. Kamera ile hupiga picha kumi kwa sekunde moja. Katika picha ya nne, mpira ulikuwa umetua juu ya mkono wa Radi, palepale chini ya kiganja, umebonyea kidogo. Katika picha ya sita mpira uko wavuni, na Radi anautazama mkono wake. Katika picha ya tisa amenyanyua mikono yote miwili, mdomo wazi, anashangilia.

Alijua.

Mwili ulinisisimka hadi nikasahau goti. Filimbi ya mwisho ilipolia, moja kwa bila, nilipanda zile ngazi arobaini na mbili kama kijana. Chumba cha waandishi kilikuwa bado kitupu nusu. Nikakaa kona ya nyuma, nikaingiza kadi kwenye kompyuta, nikaikuza ile picha ya nne mpaka nyuzi za mpira zikaonekana. Kisha nikapunguza mwanga wa kioo, na kila aliyepita karibu nikafunika kompyuta kama mwanafunzi anayeficha majibu.

Mhariri wangu wa michezo akapiga simu. "Una nini?"

"Nina kitu."

"Kitu gani? Kitume! Kurasa zinafungwa saa mbili."

"Subiri aongee kwanza," nikamwambia.

Lazima niseme wazi kwa nini nilitaka asubiri, maana jambo hili ndilo lililonirudia baadaye mbele ya watu. Nilitaka Radi aseme uongo. Nilitaka akae pale kwenye meza, aulizwe kuhusu kilio cha kipa, ajibu kwa kile kiburi chake kwamba alifunga kwa kichwa safi. Hapo ndipo ningeituma picha, na maneno yake pembeni. Nilikuwa nimekaa na mtego, namngojea.

Chumba kikajaa. Palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, maikrofoni mbili, chupa za maji zenye sura ya Radi, na feni iliyokuwa inalia kila ikifika pembeni. Msemaji wa klabu, bwana mmoja wa suti ya kubana, alishaweka viti viwili: kimoja chake, kimoja cha mchezaji bora wa mechi.

Mlango ukafunguliwa, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa Babu.

Alikuwa bado na jezi ya mechi, glovu mkononi zimejaa udongo, macho mekundu. Nyuma yake alikuwa Radi, bila vipokea sauti, amemshika bega kama unavyomwongoza mgonjwa. Msemaji akasimama ghafla. "Hapana, hapana, huyu zamu yake si sasa..."

Radi akamvutia Babu kile kiti cha mchezaji bora. "Kaa, kaka." Babu akakaa. Radi mwenyewe akabaki amesimama, akainama kuifikia maikrofoni.

"Habari za jioni," akasema. Dada wa redio aligeuka kuniangalia, mdomo wazi, lakini hakuzimia. "Sina mengi. Lile bao nililifunga kwa mkono. Kipa aliona, akasema kweli, akatolewa nje kwa kusema kweli. Nimemleta hapa ili niliseme akiwa anasikia, na nyinyi mnamwona."

Mimi nilikuwa nimeweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Niliangalia picha kwenye kioo. Nikamwangalia yeye. Hakuna mtu duniani aliyeiona picha ile zaidi yangu. Angesema kichwa, ingekuwa kichwa kwa klabu yake yote, kwa mashabiki elfu thelathini, mpaka pale ambapo mimi ningefyatua mtego. Na hakujua kama mtego upo.

Msemaji akajaribu kuivuta maikrofoni. "Mchezaji amechoka, jamani, mechi ilikuwa ngumu, tutatoa taarifa..." Radi aliirudisha taratibu, bila kumsukuma, akaishikilia. "Nimechoka kweli," akasema. "Ulizeni."

Jamaa mmoja wa televisheni akanyoosha mkono. "Kwa hiyo unatuambia refa hana uwezo?"

"Refa hakuona. Mtu aliyezibwa macho hawezi kuona. Yeye hakukusudia, mimi nilikusudia. Mkiandika mtu mmoja kwenye kichwa cha habari, niandikeni mimi."

"Ulikusudia? Mpira haukukugonga kwa bahati mbaya?"

"Niliona sifiki kwa kichwa. Nikanyoosha mkono."

Dada wa redio akanyanyua kalamu. Sauti yake siku ile haikuwa na mzaha. "Zilibaki dakika tano. Kwa nini hukumwambia refa palepale?"

Radi alifuta jasho kwa sehemu ileile ya mkono iliyogusa mpira. "Niliogopa, dada," akasema. "Nimeshangilia, wenzangu wamenirukia, watu wanaimba jina langu. Nikajiambia, nitasema. Nikasema, ngoja mpira usimame. Ukasimama. Nikasema, ngoja tena. Dakika tano nilikuwa mwizi mbele ya uwanja mzima, na hakuna aliyenishika. Filimbi ikalia. Naingia ndani, namkuta huyu kaka amekaa chini kwenye korido, kwenye sakafu, anawaambia wafagiaji, 'Jamani, mimi si mwongo.' Wafagiaji! Anawaeleza wafagiaji kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumsikiliza. Sikuweza kumruka nikapita."

Babu alikuwa ameinamisha kichwa mezani, juu ya glovu zake. Mabega yanacheza. Radi akajibu maswali yote, amesimama hivyo hivyo, nusu saa nzima, na msemaji wa klabu pembeni yake akiwa amekaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Waliponyanyuka, nilituma picha. Chini yake niliandika maelezo kwa mkono wangu: kwamba mchezaji alikiri mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kuiona picha hii.

* * *

Asubuhi yake nilimkuta mke wangu amesimama jikoni na gazeti. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mpira haumhusu, katika ndoa yetu yote hajawahi kumaliza mechi moja bila kusinzia. Lakini picha zangu huziangalia. Ukurasa wa mbele ulikuwa na ile picha ya nne, kubwa mpaka kwenye mkunjo, na juu yake maandishi mekundu: KAMERA YETU YAMLAZIMISHA RADI KUKIRI.

Maelezo yangu hayakuwepo.

"Alijua kama una picha?" mke wangu akauliza.

"Hakujua."

"Ulimwonyesha?"

"Sikumwonyesha mtu."

"Basi hapa wameandika nini?"

"Ndivyo magazeti yalivyo. Mhariri anatafuta cha kuuza."

Akaliweka gazeti mezani, akagonga kwa kidole pale chini ya picha, kwenye herufi ndogo. "Hili ni jina la mhariri?"

Lilikuwa jina langu. Akachukua mkoba wake akaenda kazini, akaniacha na chai yangu ikipoa.

Kufikia saa nne kila redio ilikuwa inaimba wimbo mmoja. Kumbe alibanwa! Kumbe aliona amekamatwa, ndiyo akajifanya mtakatifu! Waliokuwa wanataka kumheshimu wakapata sababu ya kutomheshimu, na mashabiki wa klabu yake, ambao tangu jana walikuwa wamevimba kwa hasira, sasa walikuwa na tusi kamili: mwizi, tena mwoga. Karibu na ofisi yetu mtu alikuwa ameshaichana picha ya Radi ukutani, likabaki sikio moja na kipande cha shingo.

Nikaenda kwa mhariri. Alikuwa na furaha, miguu juu ya meza. Gazeti lilikuwa limeisha mitaani saa mbili asubuhi.

"Nilikuandikia ilivyokuwa," nikamwambia. "Hakujua."

"We ulikuwa ndani ya kichwa chake? Umejuaje hakujua?"

"Kwa sababu nilificha. Nilifunika kompyuta."

"Haya, ulificha. Labda mtu alichungulia akamnong'oneza. Huwezi kuapa." Akashusha miguu. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Umepiga picha ya mwaka. Kaa nayo, ufurahi. Kesho kutwa watu watakuwa wamesahau."

Mchana huohuo nikaenda kwenye uwanja wao wa mazoezi. Sikuwa na kamera. Mlinzi wa geti alinijua, akaniruhusu kwa jicho la "jitafutie mwenyewe matatizo". Wachezaji walikuwa wanamaliza. Wengine walimpita Radi bila kumsemesha. Mmoja alipiga mpira kwa nguvu ukamgonga mgongoni, akasema "samahani" kwa sauti isiyo na samahani. Radi akauokota ule mpira, akamrudishia kwa mguu, taratibu, mpaka miguuni mwake.

Nilimsubiri kwenye kivuli cha ukuta. Alipofika nikajitambulisha. Nilitegemea anipite kama nguzo.

"Wewe ndiye mwenye picha," akasema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi. Kile kichwa cha habari si changu. Nilijua hujui. Na kuna kingine." Nikamweleza na hicho kingine: kwamba nilikuwa nasubiri aseme uongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akilegeza kamba za viatu, mguu mmoja juu ya ukingo wa saruji. Kisha akacheka kidogo. "Basi tulikuwa wawili tunangoja. Mimi nangoja mpira usimame, wewe unangoja niseme uongo."

"Nitakwenda redioni. Nitasema ilivyokuwa. Wanakutukana bure."

"Si bure. Mkono ulinyooka." Akavua kiatu, akakung'uta nyasi. "Mzee, watu wakisema nilikiri kwa woga, kitu gani kimebadilika? Bao ni lilelile. Mimi nimelala jana usingizi mzuri ajabu. Niache mimi. Kama unataka kusema, kuna mahali pa kusema. Alhamisi kamati ya nidhamu inamjadili Babu. Kumshika refa adhabu yake ni mwaka mzima. Zimebaki mechi nne za ligi, halafu anastaafu. Wakimfungia, ile kadi nyekundu ndiyo mechi yake ya mwisho duniani."

"Picha nitaileta."

"Lete na maneno," akasema.

Nimewahi kupiga picha wafalme wa mpira wakiwa wamebebwa mabegani, fataki angani. Sijawahi kuona mtu mkubwa kama yule aliyekuwa amesimama na soksi moja, anadharauliwa na wenzake, na shida anayoisema ni ya mtu mwingine.

* * *

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofa ya pili, na pazia zito la kahawia na meza iliyong'arishwa mpaka unaona kidevu chako. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mwanasheria, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Babu alivaa koti lililombana. Refa naye alikuwepo. Kazi yake ya siku zote ni ualimu wa hesabu, na alikaa wima na daftari mbele yake, uso umemnywea. Wiki ile ilikuwa imemtafuna kama ilivyowatafuna Babu na Radi.

Radi hakuwa ameitwa. Alikaa kwenye benchi nje tangu saa mbili mpaka mwenyekiti akauliza yule aliyekaa nje ni nani, akaambiwa, akasema, "Basi aingie, tusimfanye pambo la korido."

Alirudia yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nikaitwa mimi. Nikaweka picha tisa mezani, moja baada ya nyingine. Mwenyekiti akavaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Gazeti lako limeandika kwamba picha hizi zilimlazimisha mchezaji kukiri. Ni kweli?"

Mhariri wangu alimtuma mwandishi wetu kijana kuja kuripoti kikao. Alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilisikia kalamu yake imesimama.

"Si kweli, mama. Wakati anakiri, picha hizi alikuwa amezitazama mtu mmoja tu, na ni mimi. Nilizificha makusudi. Nilitaka adanganye kwanza, ndipo nimwumbue. Nilimtega, na yeye akapita njia nyingine bila kujua kama kuna mtego. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na sijawahi kuona kitu kama kile."

Nikaona haya, mtu mzima wa kipara, nikajifanya napanga picha.

Hapo Babu akasimama bila kuitwa. "Mama mwenyekiti, mkono ulikuwepo, sawa. Lakini refa nilimshika. Hakuna aliyenituma. Ningekuwa na haki mara mia, refa hashikwi." Akamgeukia yule mwalimu wa hesabu. "Kaka, nisamehe."

Refa akafungua daftari, akalifunga. Akasimama, akazunguka meza yote ile ndefu, viatu vinalia sakafuni, akampa Babu mkono. Halafu akampa Radi. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, na akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Babu alifungiwa mechi tatu. Iliyobaki moja aliachiwa.

Maneno yangu yalitoka redioni jioni ileile. Dada wa redio aliyasoma yote, pamoja na ile sehemu yangu mbaya, kama nilivyomwomba. Gazeti langu halikuandika kitu. Jumatatu mhariri akanihamishia kurasa za matangazo, kupiga picha makochi na majokofu. Sikubishana. Jokofu halikimbii, na kwa goti langu ni nafuu.

Matokeo ya nusu fainali hayakufutwa, na fainali niliitazama nyumbani. Mashabiki wa Radi wenyewe walimzomea kila alipogusa mpira, mpaka nikamwona mke wangu, ambaye hatazami mpira, ameweka kitambaa chake cha kushona pembeni na kukunja uso. Walifungwa kwa penalti. Radi alipiga yake ikaingia, na mwenzake aliyekosa, yuleyule aliyempiga kwa mpira mgongoni mazoezini, alipoanguka chini akilia, wa kwanza kumfikia alikuwa yeye. Kisha akaenda kwenye ile meza ya kitambaa cha kijani akajibu maswali, na alipoulizwa kama anajutia kukiri kwake, alisema, "Najutia dakika tano." Akangoja swali linalofuata.

* * *

Mechi ya mwisho ya Babu ilikuwa Jumapili, kwenye uwanja mdogo wa timu yao. Sikuwa na kitambulisho cha mpigapicha tena, nikakata tiketi kama watu wengine, jukwaa lisilo na paa. Tulikuwa tumebanana kwenye mbao, jua kali, watu wamefunika vichwa kwa magazeti.

Kama dakika kumi kabla ya mpira kuanza nikasikia kelele za geti zinashuka, zinashuka, hadi zikaisha. Nikageuka. Radi alikuwa anapanda ngazi za jukwaa letu, shati jeupe la kawaida, tiketi mkononi, anatafuta namba ya kiti. Peke yake. Hawa ndio watu aliowaibia. Kila aliyekuwa pale alikuwa na sababu ya kumrushia chupa, na chupa zilikuwepo.

Alipofika safu yetu, mama mmoja mzee mwenye fimbo, aliyekaa viti vitatu kutoka kwangu, akanyoosha fimbo ile ikamzuia njia. Nilimjua: alikuwa mama mzazi wa Babu, picha yake niliwahi kuipiga zamani timu ilipopanda daraja.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemwibia mwanangu?"

Jukwaa zima lilikuwa linasikiliza.

"Ndiye mimi, mama," Radi akasema. "Shikamoo."

Bibi alimtazama juu mpaka chini, na chini mpaka juu, kama anayepima kitambaa. Kisha akasukuma mkoba wake pembeni, akamgusa mtu wa jirani kwa fimbo asogee.

"Marahaba. Kaa hapa, utaungua na jua ukizunguka kutafuta kiti."

Akakaa. Mtu mmoja safu ya mbele akasimama, akageukia kwetu, akaanza kupiga makofi, polepole. Mwingine akasimama. Halafu safu nzima, halafu upande wa pili wa uwanja, ambao hata sijui kama waliona vizuri kilichotokea, nao wakasimama. Hawakuimba, hawakupiga matarumbeta. Makofi tu, kama mvua inavyoanza kwenye mabati na kuendelea kuzidi, na Radi katikati yake ameinama, mikono juu ya magoti, na bibi akimpigapiga mgongoni na kusema, "Haya, haya, inatosha."

Mechi yenyewe haikuwa na bao. Kipindi cha pili Babu alikuja kulinda goli la upande wetu, na kila kona ilipopigwa mama yake alisimama kwa fimbo na kufoka, "Toka! Usikae golini, toka!" Kufikia dakika ya sabini Radi naye alikuwa amesimama pembeni yake, anafoka yaleyale, sauti imemkauka. Babu alitoka, akaruka juu ya vichwa vyote, akaudaka mpira na kuanguka nao kifuani, na wale wawili wakashikana mikono wakipiga kelele mpaka bibi akadondosha fimbo.